Mwanga Mara Tatu kwa Wiki

Mgonjwa wa soriasisi aliyeandikiwa tiba ya mwanga hospitalini hutakiwa kufika kliniki mara tatu kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Akifika huvua nguo, huvaa miwani ya kukinga macho, husimama mbele ya taa ndefu, na baada ya dakika chache hutoka. Tiba ya siku hiyo imekwisha. Kinachomchosha ni yale mengine: nauli, foleni, ruhusa ya kumwomba bosi ambaye wiki iliyopita aliombwa ruhusa hiyo hiyo, mtoto wa kumwachia jirani. Ni safari zaidi ya thelathini kwa ajili ya mwanga ambao ukijumlishwa wote haufiki nusu siku.

Niseme mapema ninachokiamini. Kwa ugonjwa usiopona kabisa, tiba iliyo bora ni ile ambayo mgonjwa ataweza kuifuata hadi mwisho, na akaianza tena mwaka ujao ugonjwa ukirudi. Kwa watu wengi wenye soriasisi, taa iliyo nyumbani ndiyo tiba hiyo, mradi kipimo chake kibaki chini ya daktari.

Kwa muda mrefu madaktari wa ngozi walisita kumkabidhi mgonjwa taa. Hofu yao haikuwa ya bure: ataungua, atajiongezea dakika, hatarudi kuonwa. Uholanzi ndiko walikoamua kulipima jambo hili kwa makini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la BMJ uliwagawa wagonjwa 196 kwa bahati nasibu, baadhi wakatibiwa hospitalini na wengine wakapelekewa taa majumbani. Ngozi zao zikapata nafuu sawa, na waliotibiwa nyumbani ndio walioridhika zaidi.

Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi wa Marekani, ulioitwa LITE. Ulikuwa na watu 783 katika vituo 42, na waandaaji wake walipanga tangu mwanzo kuwapima pia watu wa ngozi nyeusi, ambao tafiti nyingi za ngozi huwasahau. Baada ya wiki 12, asilimia 32.8 ya waliotumia taa nyumbani walikuwa na ngozi safi au inayokaribia kuwa safi. Kwa wale wa kliniki ilikuwa asilimia 25.6. Lakini takwimu ninayopenda kila daktari wa ngozi aijue ni ya mahudhurio: nyumbani, asilimia 51.4 walishika ratiba yao. Kliniki, asilimia 15.9. Mwanga ulikuwa wa aina ile ile. Kilichotofautiana ni umbali kati ya mtu na taa. Na hawa ni watu wa nchi yenye barabara nzuri na magari binafsi. Mtu wa Kibondo au Lodwar hahitaji kufafanuliwa takwimu hiyo.

Soriasisi haitokani na uchafu wala haiambukizi. Ni kinga ya mwili iliyopotea njia: chembe zinazopaswa kupambana na vijidudu huichochea ngozi izaliane kwa pupa. Seli ya ngozi ya kawaida huchukua takriban mwezi mmoja tangu kuzaliwa kwake chini hadi kupukutika kwake juu. Kwenye baka la soriasisi safari hiyo huisha kwa siku chache tu, na seli ambazo hazijakomaa hurundikana zikawa magamba meupe. Vitabu vingi husema baka huwa jekundu. Kwenye ngozi zetu mara nyingi huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea, na kwa sababu hiyo watu hutibiwa fangasi kwa miaka, au hushukiwa ukoma, au huambiwa wamerogwa. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuutambua ugonjwa huu na kuhimiza vita dhidi ya unyanyapaa unaowakuta wenye nao. Azimio ni jambo jema, lakini mgonjwa bado anavaa mikono mirefu kwenye joto la Tanga.

Tiba ya mwanga inafanya kazi namna gani? Mionzi ya urujuanimno ya aina ya B hupenya tabaka la juu la ngozi na kujeruhi vinasaba vya seli zilizomo, hasa zile za kinga zinazochochea vurugu. Seli hizo hufa, uchochezi hutulia, na ngozi hurudia mwendo wake. Kinachoponya hapa ndicho kinachounguza, na tofauti ya viwili hivyo iko kwenye kipimo. Msomaji alishike hilo kwa sababu kila sharti nitakalolitaja mbele linatokana nalo.

Wazo la kutibu kwa mwanga lina zaidi ya karne. Niels Finsen, daktari wa Copenhagen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga uliokusanywa. Mwaka 1925 William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, aliwapaka wagonjwa wa soriasisi lami ya makaa ya mawe kisha akawaweka kwenye taa. Ilisaidia, ingawa ilichafua mashuka na kunuka. Miaka ya 1970 ikaja njia ya kumeza dawa inayoifanya ngozi iwe nyepesi kuathiriwa na mionzi ya aina ya A. Njia hiyo ilikuwa na nguvu kubwa, lakini vidonge vyake vilileta kichefuchefu, mgonjwa alilazimika kukinga macho hata baada ya kutoka kliniki, na baadaye ikaonekana kwamba waliotibiwa mara nyingi walipata saratani ya ngozi zaidi ya wengine. Isingeweza kupelekwa nyumbani.

Mlango ulifunguliwa na jaribio la mwaka 1981. John Parrish na Kurt Jaenicke walipima mawimbi mbalimbali ya mionzi kwenye mabaka, moja baada ya jingine. Yaliyo mafupi kuliko nanomita 290 yaliunguza bila kuponya. Yaliyoponya yalikuwa karibu na 300 hadi 313. Kampuni ya Philips ikatengeneza taa iitwayo TL-01, ambayo karibu mwanga wake wote wa tiba uko kwenye nanomita 311. Hakuna kidonge cha kumeza, na miwani ni ya zile dakika za matibabu tu. Hii ndiyo iliyomo kwenye mashine za nyumbani za leo, ziwe za kusimama mbele yake au ndogo za kushika mkononi kwa ajili ya kiwiko, goti au ngozi ya kichwa.

Hapa msomaji wa Mombasa au Mtwara atauliza swali la haki: sisi tuna jua mwaka mzima, tena bure, taa ya nini?

Jua hutibu kweli. Mwandishi wa Marekani John Updike, aliyeugua soriasisi tangu utotoni, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyohamia mji wa Ipswich, Massachusetts, kwa ajili ya ufuko wake, na jinsi alivyokuwa akienda visiwa vya Karibi wakati wa baridi kulifuata jua. Wengine husafiri hadi Bahari ya Chumvi, mahali palipo zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, ambako hewa ya ziada huchuja sehemu ya mionzi inayounguza na mgonjwa huweza kukaa juani muda mrefu zaidi. Hukaa huko wiki nne hivi chini ya uangalizi, na wengi hurudi na ngozi safi.

Lakini jua la Ikweta halina saa ya kulizima. Nguvu yake hubadilika kwa wingu, kwa mwinuko, kwa kupita saa moja tu, na huja na mawimbi mengi yanayounguza, si yale ya tiba tu. Ngozi iliyoungua nayo huweza kuzaa mabaka mapya, kwa kuwa soriasisi hupenda kuota palipojeruhiwa. Heinrich Köbner alilieleza jambo hilo tangu karne ya 19. Kisha kuna sitara. Mabaka mengi hayako usoni, yako mgongoni, kiunoni, makalioni, kwenye mapaja. Mama wa watu sita katika nyumba ya kupanga atajianika wapi? Pasipo na taa, daktari anaweza kupanga tiba ya jua kwa dakika chache za kuhesabu, saa ile ile, zikiongezwa taratibu, na ninaiheshimu tiba hiyo. Kukaa ndani karibu na dirisha hakusaidii, kwa maana kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote ya aina ya B.

Sasa tuingie chumbani. Kipimo cha mwanga huandikwa kwa milijuli kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Nguvu ya taa huandikwa kwa miliwati kwa eneo hilo hilo. Ukigawa cha kwanza kwa cha pili unapata sekunde za kusimama. Daktari akiandika milijuli 400 na taa yako ikatoa miliwati 4, utasimama sekunde 100, yaani dakika moja na sekunde 40. Kama ngozi imetulia, mara ifuatayo kipimo huongezwa kidogo kwa kadiri ya karatasi uliyopewa. Hesabu hiyo ni nyepesi kuliko ya vikoba, na mgonjwa akiielewa hamtegemei tena mtu wa kumbonyezea kitufe.

Ila taa huchakaa. Baada ya saa nyingi za kuwaka, iliyokuwa ikitoa miliwati 4 inaweza kushuka hadi 3, na sekunde zako 100 sasa zinakupa milijuli 300 tu. Mgonjwa huona nafuu imesimama akadhani mwili umezoea dawa. Hatari kubwa iko upande wa pili: anapobadilisha taa zilizochoka akaweka mpya, kisha akasimama muda ule ule aliokwisha kuurefusha. Ataungua mwili mzima. Kwa hiyo taa mpya ni kipimo kipya, na simu kwa kliniki kabla ya kuiwasha.

Umbali nao ni sehemu ya kipimo. Bandika utepe wa gundi sakafuni na uweke vidole vya miguu hapo kila siku. Fanya hivyo hivyo na nguo. Wanaume huambiwa wafunike sehemu za siri daima, kwani ngozi yake huathirika haraka; basi wavae chupi ya umbo lile lile kila mara. Aliyetibiwa wiki sita akiwa na kaptura, siku akivaa iliyo fupi zaidi, ule utepe wa ngozi uliokuwa umefichwa utapokea kwa mara ya kwanza kipimo ambacho ngozi jirani imekizoea baada ya siku nyingi. Hali ni hiyo hiyo kwa shingo ya aliyenyoa nywele jana. Uso usio na mabaka ufunikwe. Miwani isisahaulike hata kama utafumba macho.

Umeme ukikatika katikati, usianze upya unaporudi. Andika sekunde ulizokwisha kupata, na kama siku haijaisha malizia zilizobaki tu. Daftari ni la lazima: tarehe, sekunde, hali ya ngozi kesho yake. Mashine nzuri zina funguo na kihesabu muda kinachozima taa chenyewe, na funguo hizo zikae mbali na watoto. Matibabu mawili yasifuatane siku kwa siku. Ukikosa siku moja au mbili, endelea kama karatasi inavyosema. Ukikosa wiki mbili, kipimo hupunguzwa. Ukikosa mwezi, unaanza mwanzo, maana ngozi imesahau.

Sababu ya kupumzisha ngozi kati ya siku na siku ni hii: kuungua kwa mionzi hii hakuonekani papo hapo. Ukiwa mbele ya taa huhisi kitu zaidi ya vuguvugu. Ukali wake huja baada ya saa kadhaa na mara nyingi hufika kileleni kesho yake. Mtu asiyejua hilo hujiongezea dakika kwa sababu hakuhisi lolote. Na miongozo mingi humwambia mgonjwa atazame wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Sisi tutumie mkono: je, ngozi ina joto kuliko kawaida, inavuta, inauma ikiguswa na kanga? Ikiwa ndiyo, taa haiwashwi siku hiyo. Malengelenge yakitokea, piga simu. Ngozi nyeusi kwa kawaida huhitaji kipimo kikubwa zaidi ili ipate nafuu, na daktari aliyezoea ngozi nyeupe asipolizingatia hilo mgonjwa atasimama miezi mbele ya mwanga usiotosha.

Kuna dawa zinazoifanya ngozi iungue kirahisi, na baadhi zimo kwenye makabati yetu: doksisaiklini, dawa ya presha iitwayo haidroklorothayazaidi, na kotrimoksazoli ambayo wengi huifahamu kwa jina la Septrin. Kuzitumia hakumaanishi tiba ya mwanga imefungwa, kunamaanisha daktari azijue kabla ya kupanga kipimo, na ajulishwe pia kila inapoongezwa mpya. Mafuta ya mgando yaliyopakwa kwa wingi na malhamu yenye asidi ya salisiliki huzuia mwanga. Yapakwe baada ya taa. Mkorogo utupwe kabisa. Krimu nyingi za kujichubua zimetiwa steroidi kali, ambazo hulituliza baka kwa muda, na siku ukiziacha ugonjwa hulipuka vibaya kuliko mwanzo. Nimejua watu wanaoiacha taa kwa sababu imewakoleza rangi. Rangi hiyo hupungua polepole tiba ikisimama, na natamani wangevumilia.

Wapo wasiofaa kutumia taa hii hata kidogo: wenye ualbino, wenye ugonjwa wa lupasi, waliozaliwa na maradhi ambayo ngozi haiwezi kujirekebisha baada ya jua, na wanaomeza saiklosporini. Mjamzito anaruhusiwa, na hushauriwa kutumia foliki asidi kwa sababu mionzi huweza kuipunguza mwilini. Anayeishi na virusi vya Ukimwi anaruhusiwa pia. Kwa kweli, kwake mwanga ni miongoni mwa tiba zinazopendekezwa mwanzo, kwa kuwa haudhoofishi kinga ya mwili mzima kama dawa nyingine za soriasisi. Soriasisi iliyolipuka ghafla na kwa ukali kwa mtu mzima ni sababu ya kwenda kupima virusi hivyo.

Naomba kila anayetafuta taa hizi mitandaoni asome aya hii mara mbili. Wakati wa janga la Uviko mwaka 2020 soko lilijaa taa za kuulia vijidudu. Nazo huitwa taa za urujuanimno, lakini mwanga wake ni wa nanomita 254, ule ule ambao Parrish na Jaenicke waliuona unaunguza bila kuponya, na huumiza macho vibaya. Vitanda vya kujikoleza rangi ya ngozi hutoa zaidi mionzi ya aina ya A. Barakoa za taa nyekundu ni kitu kingine kabisa. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha namba 311 na nguvu ya taa kwa miliwati, usinunue.

Nafuu huanza kuonekana baada ya mara kumi na kitu, na ngozi husafika kati ya mara 20 na 36. Hapo wengine hushuka hadi mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha husimama. Ugonjwa hurudi, kwa mmoja baada ya miezi michache, kwa mwingine baada ya mwaka. Hapa ndipo taa ya nyumbani inapomsaidia mtu zaidi: huhitaji kusubiri mwili ujae mabaka ndipo upate rufaa. Unawasiliana na kliniki baka likiwa la ukubwa wa shilingi, unaanza kipimo cha chini, na vita inakuwa ndogo. Kucha hazitibiki kwa mwanga, viungo navyo havitibiki. Vidole vikivimba na mgongo ukakakamaa asubuhi, hiyo huenda ikawa soriasisi ya viungo. Inahitaji dawa za kumeza au sindano, na kuchelewa huharibu viungo moja kwa moja.

Kuhusu saratani, watafiti wa Scotland waliwafuatilia wagonjwa 3,867 waliotibiwa kwa mwanga huu wa nanomita 311, na matokeo yao ya mwaka 2008 hayakuonyesha ongezeko la wazi la saratani ya ngozi lililosababishwa na tiba yenyewe. Habari hiyo inatuliza, lakini mtu atakayetumia taa kwa miaka ishirini anastahili kukaguliwa ngozi yote na daktari kila mwaka, na daftari lake lionyeshe jumla ya mara alizosimama.

Huko huko Scotland, eneo la Dundee limekuwa na huduma ya taa za nyumbani tangu mwaka 1998. Mgonjwa hufundishwa na muuguzi, huonyesha kwamba ameelewa, kisha hupewa mashine ya hospitali aende nayo nyumbani, na kozi ikiisha huirudisha. Hainunui. Hilo ndilo ninalolitaka kwetu, kwa sababu mashine ya kununua itabaki kuwa ya wachache. Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 kando ya hospitali ya KCMC, na wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Watu wa kuisimamia kazi hii wapo tayari. Kinachotakiwa kuongezwa ni kifaa cha kupimia nguvu ya taa, karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwa Kiswahili, muuguzi mwenye simu inayopokelewa, na mashine za kuazimisha. Kozi moja ni miezi mitatu, kwa hiyo mashine moja inaweza kuhudumia watu watatu au wanne kwa mwaka. Hospitali ya rufaa ikianza na kumi, ni wagonjwa thelathini hadi arobaini wasiolazimika kuchagua kati ya kibarua na ngozi zao.